Chipu ya tisa

Saa nne usiku, katika wiki ya kukabidhi kazi za mradi, simu yangu ilianza kuita mfululizo. Wanafunzi wa mabweni ya juu walikuwa wanapandisha kazi zao na kila kitu kimekwama. Nikaenda chumba cha mitambo, nikachomeka kebo ya konsoli kwenye ruta, mashine inayounganisha chuo na intaneti, na mistari ikaanza kushuka kwenye skrini, yote ikianza na maneno yaleyale:

`%SYS-2-MALLOCFAIL`

Ruta ilikuwa imeomba kipande cha memori, ikanyimwa. Ikaomba tena, ikanyimwa tena. Taa zake zote zilikuwa za kijani.

Niliizima, nikaiwasha, kazi zikapanda, watu wakalala. Kwa wengi jambo liliishia hapo. Mimi lilinikaa kichwani kwa wiki kadhaa, kwa sababu swali lililoanza kama "tuongeze RAM, yaani memori, au tusiongeze" lilinifikisha kwenye mtandao mzima uliosimama mwaka 1980 kwa ajili ya biti mbili tu (biti ni sifuri au moja, kipande kidogo kabisa cha data).

## Upungufu au uvujaji

Mashine yenyewe ni Cisco 2811. Mafundi wengi mnaosoma hapa mmewahi kuishika. Yetu ilikuja chuoni na shehena ya msaada, ikiwa na memori ya MB 256. Ukiandika `show version` inakujibu `249856K/12288K`: namba ya kwanza ni memori ya shughuli za mfumo, ya pili ni ya kupokelea pakiti, yaani vipande vya data, zinazopita. Zijumlishe utapata 262144K, yaani MB 256 kamili.

Hizo 256 hazianzi zikiwa tupu. Programu endeshi ya ruta hukaa kwenye kadi ya flashi ikiwa imebanwa, na mashine ikiwashwa hujikunjua na kuingia kwenye RAM. Kabla mwanafunzi wa kwanza hajawasha simu yake, sehemu kubwa ya nafasi imeshakaliwa.

Fundi mwenzangu alinijibu kwa ujumbe mmoja: "Dada, ongeza RAM, yaishe."

Nilitamani yaishe. Lakini memori huisha kwa njia mbili, na dawa zake hazifanani. Huenda kazi ni kubwa kuliko nafasi: hapo ukiongeza memori umetibu. Au huenda kuna programu inayochukua nafasi na hairudishi, saa baada ya saa. Hapo ukiongeza memori umeahirisha tu. Badala ya kuanguka Jumanne itaanguka Ijumaa, nawe utaamini umefaulu kwa sababu Jumatano na Alhamisi zilikuwa shwari.

Kwa hiyo sikununua chochote. Nilianza kuandika namba.

Kila asubuhi na kila usiku niliangalia `show memory`. Kuna safu mbili pale ambazo watu huzipita haraka. `Lowest` ni kiwango cha chini kabisa cha nafasi huru tangu mashine iwashwe. `Largest` ni kipande kikubwa kabisa kilicho huru kwa mfululizo. Hiki cha pili ni muhimu kuliko kinavyoonekana, maana ruta inaweza kuwa na nafasi ya kutosha kwa jumla ilhali imekatikakatika vipande vidogo, na ombi moja kubwa likakosa pa kukaa. Kisha `show processes memory sorted`, kuona nani anashikilia kiasi gani.

Uvujaji una alama yake: mstari unaoshuka na haupandi. Mimi niliona mstari unaoshuka jioni na kupanda tena, ila kwa kuchelewa. Jioni ya leo ilikuwa inarudishwa kesho yake jioni.

Saa 24.

## Muda uliosahaulika

Wanaosimamia mitandao watakuwa wameshanitangulia. Ruta yetu ndiyo inayofanya NAT, yaani simu na kompyuta zote za chuo hutoka nje kwa anwani moja, na ruta hutunza jedwali la nani anazungumza na nani. Kwa mpangilio wa kiwandani, kila mazungumzo ya TCP (utaratibu unaohakikisha data inafika kamili) yasiyofungwa vizuri hubaki kwenye jedwali hilo kwa sekunde 86,400. Mwanafunzi anatoka maktaba, simu inapoteza mawimbi, mazungumzo hayaagwi. Yanakaa mle siku nzima.

Nikafurahi, nikadhani nimempata mhalifu. Kisha nikapiga hesabu.

Kila mstari wa jedwali hilo hula takriban baiti 312. Mistari 10,000 ni kama MB 3. Hata ikiwa mara tano zaidi, ni MB 15. Haitoshi peke yake kuiangusha mashine yenye MB 256.

Hapa nilisimama muda mrefu, na nadhani ndipo wengi huachia njiani. Ukipata sababu moja inayoelezea nusu ya tatizo, moyo unakushawishi kuwa imeelezea lote. Ilinibidi kurudi kwenye orodha na kujumlisha kidogokidogo: programu endeshi yenyewe, jedwali la NAT, ukaguzi wa kila mazungumzo tuliouwasha kwa ajili ya usalama, hifadhi ya takwimu za mtiririko, kumbukumbu za matukio. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kinavuja. Vyote vilikuwa vinafanya kazi tuliyovipa, na tuliendelea kuvipa kazi mwaka hadi mwaka bila kumwongezea yeyote nafasi.

Nilipunguza muda wa TCP hadi sekunde 7,440. Sikuibuni namba hiyo. RFC 5382, mojawapo ya nyaraka za kanuni za intaneti, inakataza kifaa cha NAT kukata mazungumzo ya TCP yaliyo kimya kabla ya saa 2 na dakika 4, na ukishuka chini ya hapo unaanza kuwakata watu ambao bado wanahitaji njia. Ujumbe wa makosa ukapungua sana. Haukuisha. Nyakati za jioni kipande kikubwa kilicho huru kilibaki kidogo mno, na wiki ya mitihani ilikuwa inakuja.

Sasa nilikuwa na haki ya kununua.

## Picha mbili kwenye simu

Nilipiga simu Kariakoo, kwa muuzaji wa vifaa vya kompyuta. Akanitumia picha. "Hii ni DDR, miguu 184, MB 256. Inaingia humohumo, dada yangu, nakuwekea kwenye basi la usiku." Bei yake ilikuwa nafuu, kwa kuwa memori za aina hiyo zimejaa kwenye kompyuta za mezani zilizokufa.

Nilihesabu chipu kwenye picha. Zilikuwa nane.

Muuzaji wa pili hushughulika na vipuri vya seva zilizotumika. Picha yake ilionyesha kipande kinachofanana kabisa: miguu 184, mkato mmoja kwenye safu ya miguu mahali palepale, MB zilezile 256. Chipu tisa. Bei ilikuwa mara kadhaa ya ile ya kwanza.

Chipu ya tisa haiongezi hata baiti moja ya nafasi. Kazi yake ni kutunza ushahidi. Kwa kila biti 64 zinazoandikwa kwenye zile nane, biti 8 za uhakiki huandikwa kwenye ya tisa. Wakati wa kusoma, mashine hupiga hesabu upya: biti moja ikiwa imegeuka, itajua ni ipi na kuirudisha papo hapo; zikigeuka mbili, itajua kuna uharibifu na haitakubali kuendelea kimyakimya. Ndiyo ECC. Asili yake ni Richard Hamming wa Bell Labs, aliyechoshwa na kompyuta iliyogundua makosa mwishoni mwa juma na kuiacha kazi yake kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kuisahihisha. Akajiuliza kwa nini mashine inayoweza kujua imekosea isiweze pia kujua imekosea wapi. Jibu lake lilichapishwa mwaka 1950 na bado linafanya kazi ndani ya memori za seva.

Biti hugeukaje? Umeme usiotulia, chipu iliyochoka, mguso mbaya. Na pia chembe zinazotoka angani, ambazo huongezeka kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari. Chuo chetu kiko Iringa, zaidi ya mita 1,500. Sisemi anga la Iringa ndilo lililoisumbua ruta yetu. Nasema tu kwamba jambo hilo lipo, na sisi tuko juu.

## Pingamizi niliyojipa mwenyewe

Kwa wiki nzima nilijibishana na nafsi. Pakiti si zina namba za uhakiki tayari? Ethaneti ina yake, IP ina yake, TCP ina yake. Biti ikiharibika, upande wa pili utagundua na kuomba itumwe tena. Kwa nini chuo kinachohangaika na chaki kilipie chipu ya ziada?

Pingamizi hilo lina nguvu, na kwa pakiti zinazopita tu lina ukweli mwingi. Lakini angalia ruta inafanya nini. Inapopokea fremu, yaani pakiti ndani ya bahasha yake ya Ethaneti, inakagua namba ya uhakiki ya Ethaneti, inaridhika, inaitupa. Pakiti inakaa kwenye memori. Ikitoka upande wa pili, ruta inatengeneza namba mpya ya Ethaneti kutokana na kile kilichopo kwenye memori wakati huo. Kama biti iligeuka pale katikati, uharibifu unatoka umepigwa muhuri mpya na safi. Kinachobaki kuulinda ujumbe ni uhakiki wa TCP, ambao ni dhaifu kuliko ule wa Ethaneti.

Na hayo ni kwa vinavyopita. Vipi kwa vinavyokaa? Jedwali la njia, jedwali la NAT, sheria za ukaguzi, mpangilio mzima tulioupanga kwa miaka. Hivyo havipiti kwenda kwa mtu atakayevihakiki. Ruta inavisoma na kuviamini.

Hapo ndipo nilipokumbuka habari ya ARPANET, nikarudi kuisoma upya.

## Arobaini na nne, arobaini, nane

Tarehe 27 Oktoba 1980, ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani ambao intaneti ilitokana nao, ulisimama kwa saa kadhaa. Ruta zake waliziita IMP. Ya kwanza ilifungwa katika chuo kikuu cha UCLA mwaka 1969, ikiwa kompyuta ya Honeywell yenye memori ya takriban KB 24. Uchunguzi wa ajali hiyo aliuandika Eric Rosen wa kampuni ya BBN, ukatolewa mwaka 1981 kama RFC 789. Naomba kila fundi mtandao ausome.

Kila IMP ilikuwa inawatangazia wenzake hali ya laini zake, na kila tangazo lilikuwa na namba ya mfuatano ili jipya liondoe la zamani. Namba zilienda kuanzia 0 hadi 63, kisha zikaanza upya. Siku hiyo yalionekana matangazo ya IMP namba 50 yakizunguka kwa wakati mmoja yakiwa na namba tatu: 44, 40 na 8.

Ziandike kwa biti:

44 ni `101100`.

40 ni `101000`.

8 ni `001000`.

Biti moja ikidondoka, 44 inakuwa 40. Nyingine ikidondoka, 40 inakuwa 8. Mtambo mmoja ulikuwa unadondosha biti.

Kwa kanuni waliyoitumia, 44 ni mpya kuliko 40, na 40 ni mpya kuliko 8. Na kwa kuwa namba zinazunguka, 8 ni mpya kuliko 44. Basi kila IMP ilipokea tangazo, ikaona ni jipya, ikalihifadhi na kulisambaza. Likaja linalofuata, nalo ni jipya. Kisha linalofuata. Mduara hauna mwisho, na matangazo hayo yalikuwa na kipaumbele kuliko ujumbe wa watu. Kuwasha upya mashine moja hakukusaidia kitu, maana majirani zake waliijaza tena. Ilibidi programu za IMP zibandikwe kiraka cha kupuuza kila tangazo la IMP 50.

Matangazo yale yalikuwa na uhakiki yalipokuwa yanasafiri kwenye laini. Yalipotulia ndani ya memori, hayakuwa na mlinzi.

Nilisoma sehemu hiyo mara nyingi. Nilikuwa nimeshughulika muda wote na memori kuisha, na kuisha ni tatizo linalopiga kelele: linaandika MALLOCFAIL kwenye skrini, simu zinaita, mtu anaamka. Memori inayokumbuka vibaya haiandiki chochote.

## Ofisi ya uhasibu

Nilipeleka ankara mbili kwa mhasibu wetu, mzee makini ambaye hajawahi kupitisha shilingi asiyoielewa. Nikamwamkia, akanipa kiti, akaweka karatasi hizo sambamba.

"Mwanangu, hapa pameandikwa 256, na hapa 256. Hii ya pili ina nini hata iwe ghali hivi?"

Nikaeleza chipu nane na chipu ya tisa. Sikuwa na hakika kama ninaeleweka. Akavuta daftari lake, akanionyesha ukurasa wenye safu za namba, kila safu ikiwa na jumla chini na kila mstari ukiwa na jumla pembeni.

"Kama namba moja humu ndani imekosewa," akasema, "jumla ya chini inakataa, na ya pembeni inakataa. Zinapokutana ndipo penye kosa. Ndivyo unavyosema?"

"Ndivyo hasa, mzee."

"Basi ile ya kwanza ni daftari lisilo na jumla." Akasaini ya pili.

## Chini ya bati

Kazi ya mikono ilikuwa ndogo, na sitaikuza. Zima, chomoa waya wa umeme, vaa mkanda wa kuondoa umeme tuli, fungua skrubu za bati la juu. Nafasi za memori ziko mbili kwenye bodi, moja ilikuwa tupu. Linganisha mkato, shusha kipande wima, kandamiza mpaka vibanio vya pembeni vijifunge vyenyewe. Usikilazimishe, kikigoma, kitoe utazame tena. Niliwaita wanafunzi wawili wa mwaka wa pili washuhudie, nikawaambia wahesabu chipu za kipande kilichokuwemo tangu zamani.

Tisa.

Tulipoiwasha, konsoli iliandika `Initializing memory for ECC`, mstari ambao nilikuwa nimeupita miaka yote bila kuusoma. Kisha jumla: 524288K.

Namba hiyo ina historia yake. Tarehe 12 Agosti 2014 jedwali la njia za intaneti ya dunia liliongezeka ghafla, likajaza ruta nyingi kubwa za zamani zilizopangwa kwa kikomo cha njia 524,288, na sehemu mbalimbali za intaneti zikayumba. Memori iliyojaa siku ile ni ya aina nyingine, ya kutafutia njia kwa kasi, na huwezi kuiongeza kwa kukandamiza kipande kwenye bodi. Wenye ruta hizo walilazimika kuigawa upya au kubadilisha vifaa. Leo jedwali hilo lina takriban njia milioni 1. Sisi hatulibebi: chuo chenye mlango mmoja wa kutokea kinahitaji njia moja ya msingi, basi. Nawasihi wale wanaobeba jedwali zima kwa fahari ilhali wana mtoa huduma mmoja waliachie. Ile nayo ni memori.

Wiki ya mitihani ilipita. `Lowest` haijakaribia hatari.

## Linalonisumbua bado

Msaada wa kiwandani kwa mfululizo wa 2800 ulikoma tarehe 31 Oktoba 2016. Hakuna viraka vipya vya usalama tangu hapo. Nimeongeza memori, tena memori nzuri, kwenye mashine ambayo kasoro mpya ikigunduliwa hakuna atakayeirekebisha, nayo imekaa mlangoni kabisa.

Nimefanya kinachowezekana: nimefunga njia zote za kuisimamia kutoka nje, SSH, njia ya kuingia kwenye ruta kwa mbali, inakubali kutoka ndani tu, na huduma tusizozitumia nimezizima. Hiyo inapunguza hatari, haiondoi. Nilimweleza mzee wa uhasibu hivyohivyo bila kuficha, akaniuliza kwa nini basi tulitumia fedha. Nikamjibu kwamba mitihani isingengoja bajeti ya mwaka mpya, na kwamba ruta hii ikitoka mlangoni haiendi stoo. Inakwenda maabara. Vifaa vidogo vinavyouzwa sasa memori yake imechomelewa kwenye bodi. Mwanafunzi anaweza kumaliza chuo bila kuwahi kuishika kwa mkono. Humu ataifungua, atahesabu chipu, ataigawa memori, ataijaza makusudi mpaka MALLOCFAIL itokee mbele yake.

Ombi la kifaa kipya limeshaingia kwenye bajeti. Mzee alitaka masharti yaandikwe kwa mpangilio wa umuhimu, nami niliandika sharti la kwanza kuwa tarehe ya mwisho ya viraka vya usalama, na la pili memori yenye ECC. Ukubwa wa memori nimeuweka wa tano, na kama kuna fundi anayeona nimeushusha mno, ningependa kusikia hoja yake kabla zabuni haijatangazwa.